Mshono wa Kumi

Kitu cha kwanza nilichokiona ndani ya jumba la mfalme ni pazia lililopindwa vibaya. Najua watu wanaponiuliza habari za safari ile wanataka niwaambie dhahabu, vioo, marumaru na taa zinazoning'inia. Vilikuwepo. Lakini mimi ni mshonaji, na macho yangu huenda kwenye pindo kabla ya kwenda mahali pengine popote. Pindo la pazia lile lilikuwa limekwenda upande kama njia ya mlevi. Wafalme wamepita, malkia wamepita, na hakuna hata mmoja aliyesema lishushwe lirekebishwe. Kwetu Bunia mteja angenitupia kazi ile usoni.

Tulikuwa wanawake wanne kutoka Bunia, wawili wa upande wetu na wawili wa upande wao. Sitataja pande. Waliokuwa Ituri miaka ile wanajua, na wasiokuwepo hawatapata faida yoyote kwa kujua. Kundi moja la Wakristo wazungu lilikuwa limetualika Poto, yaani Ulaya, kwa siku kumi, tujifunze amani. Vita vilikuwa havijaisha. Askari wa kigeni walikuwa wamefika mjini na magari yao meupe, na risasi zilikuwa zimepungua katikati ya mji, lakini ukivuka barabara kuu kuingia mtaa usio wako, ulivuka kwa hatari yako mwenyewe. Basi badala ya kutusaidia kuvuka barabara ile, walituvusha bahari.

Mimi nilikuwa nalala chini ya turubai katika kambi iliyokuwa karibu na uwanja wa ndege. Nyumba yangu ilikuwa Nyakasanza, mtaa ulioshikwa na upande wao, mwendo wa saa moja kwa mguu, na nilikuwa sijaiona kwa miezi mingi. Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Kitu ambacho kilikuwa kinanila moyo ni mashini yangu ya kushona.

Ilikuwa mashini ya mkono, nyeusi, nzito, niliyorithi kwa shangazi yangu. Nilikuwa mjane, na mashini ile ndiyo iliyolisha watoto wangu watatu na kuwaweka shuleni. Ilikuwa na tabia moja mbaya: ilishona mishono tisa safi, na wa kumi ikaurefusha. Tisa, mmoja mrefu. Tisa, mmoja mrefu. Fundi mmoja hodari wa Ariwara aliifungua yote juu ya gazeti, akaifunga tena, akaniambia kwamba hiyo ndiyo roho yake, nimwachie Mungu. Kwa hiyo nilizoea. Kila nguo iliyotoka kwangu nilikaa nayo, nikautafuta kila mshono wa kumi, nikaufunika kwa sindano ya mkono. Sindano hiyo sikuwahi kuitua. Hukaa ndani ya fulari yangu, kichwani, ikiwa na uzi wake.

Siku mtaa wetu ulipoanza kukimbia, sikuweza kubeba mashini na mtoto mdogo pamoja. Nilifanya kama kila mtu Bunia alivyofanya mwaka ule: nilizika. Wenzangu walizika sufuria, redio, milango, hata diploma za watoto. Lakini wezi nao walikuwa wamejifunza. Walikuwa wanapita uani na fimbo za chuma wakichoma udongo uliochimbwa karibuni. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote. Niliipaka mashini mafuta ya mawese, nikaivingirisha katika plastiki na blanketi, nikachimba nyuma ya jiko, kisha nikatengeneza tuta dogo juu yake na kusimika msalaba wa vijiti vya kaliptusi. Kaburi la mtoto. Mwizi wa kwetu ataiba hata kengele ya kanisa, lakini kaburi la mtoto hataligusa. Nikasema hata Baba Yetu pale juu, ikiwa jirani anaangalia, na nikaondoka nikijisifu.

Ndiyo sababu nilikubali kwenda Poto. Sikwenda kutafuta amani. Niliambiwa kwamba wale wawili wa upande mwingine walikuwa wanakaa Nyakasanza, nikataka mmoja wao aniambie kama lile kaburi langu la uongo bado limelala salama.

Lakini unamuulizaje mtu swali kama hilo? Ukisema, "Mama, kuna kaburi nyuma ya nyumba yenye mlango wa bulu?" umeshampa jembe mkononi. Siku nane nzima nilikaa nalo kooni.

Na semineri yenyewe haikunisaidia. Kiongozi wetu wa safari alikuwa mama mmoja wa upande wetu tuliyemwita Mama Prezida, kwa kuwa alikuwa prezida wa kila kitu kilichowahi kuhitaji prezida, pamoja na chama cha wajane ingawa mumewe alikuwa hai na mnene. Yeye alijibu maswali yote. Walituchoresha mti wa amani. Walitufunga macho, tukaongozana kati ya viti. Siku ya nne walileta mpira wa uzi wa sufu, mwekundu, mzuri, wakatuambia turushiane kila mtu akishika ncha, mpaka tukawa tumenaswa wote katika fujo ya uzi, na yule dada mzungu aliyekuwa mkalimani akatuambia kwa furaha, "Munaona? Siye wote tumefungwa pamoja!" Kisha wakaukata kwa mkasi na kuutupa. Uzi ule ungetosha fulana mbili za mtoto. Niliuokota kwenye pipa, na sikuona haya.

Mwanamke mmoja wa upande wao aliniona nikiuokota. Alikuwa mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, hana maneno. Hakucheka. Aliinama akachomoa kipande kilichokuwa kimebaki chini, akanipa. Sikumshukuru. Wakati ule sikuwa namshukuru mtu wa upande ule kwa lolote.

Siku ya tisa wakasema imetosha kazi, leo tunatembea. Wakatupandisha kwenye basi, tukaenda kuona jumba la mfalme.

Mkalimani alitueleza njiani kwamba wafalme wawili waliopigana muda mrefu walikuja kupatana katika jumba lile, ndiyo maana tunapelekwa, tupate mfano. Mama Prezida akaandika hilo katika daftari. Mimi niliuliza kama watu waliochomewa nyumba zao na wafalme wale nao walialikwa. Mkalimani akasema hilo lilikuwa swali zuri sana. Kwa wazungu, swali likiitwa zuri sana, ujue halitajibiwa.

Mlangoni walitupa viatu vikubwa vya kitambaa kizito tuvae juu ya viatu vyetu ili tusikwaruze sakafu. Nimekanyaga nyumba nyingi za watu wakubwa, na kwetu ukiheshimu nyumba ya mtu unavua viatu. Hawa wanakuongezea vingine. Tukaingia tukiburuta miguu, wanawake wanne wa Bunia tunaopiga deki nyumba ya mfalme bila malipo.

Mwongozaji alikuwa mzee mmoja mwenye kifimbo. Akatuonyesha chumba cha mfalme cha kuvalia, chumba cha kungojea kuitwa katika chumba cha kuvalia, na chumba cha wale waliowangojea wanaongojea. Akatuonyesha viti ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia wakati ule na hakuna anayeruhusiwa leo. Akatuonyesha ukuta wenye maua ya dhahabu toka chini hadi juu, na Mama Prezida akashika kifua.

"Yesu! Yote hii iko dhahabu?"

"Ni mbao," nikamwambia. "Banapaka tu juu."

Kaka yangu alichimba dhahabu maisha yake yote karibu na Mongbwalu, akazikwa na suruali moja. Dhahabu najua inavyotoka ardhini na najua inavyomtoa mtu roho. Ile ya pale ilikuwa imesagwa nyembamba kuliko karatasi ya sigara, na katika pembe moja ilikuwa imebambuka, ubao ukachungulia.

Kilichonichosha kabisa ni kitanda. Kilikuwa kitanda kirefu kwenda juu, chenye paa lake na mapazia yake ya hariri, kimezungushiwa kamba nyekundu, na mlinzi amesimama pembeni kwa sare. Mwongozaji akatuambia kwa sauti ya kanisani kwamba mfalme hakuwahi kulala pale hata siku moja. Kilikuwa kitanda cha heshima. Yeye alilala chumba kingine, kidogo, chenye joto. Nikauliza: basi mlinzi analinda nini? Mkalimani akatafsiri. Mzee akanijibu kwamba kitanda kinalindwa hivyo tangu enzi zile. Watu wazima, wenye akili, wamelinda kitanda kitupu baba hadi mtoto! Nilicheka hadi Mama Prezida akanifinya. Watoto wangu wakati ule walikuwa wanalalia gunia.

Tukaanza kupanda ngazi kuu, ya marumaru. Yule mwembamba alikuwa mbele yangu. Siku hiyo tulikuwa tumeambiwa tuvae vizuri, naye alivaa sketi ndefu ya kitenge cha kijani ambayo sikuwa nimeiona. Vile viatu vya kitambaa vikamponza: alikanyaga pindo lake mwenyewe, akayumba, tukasikia kitenge kikilia. Pindo lilifumuka robo nzima ya mzunguko, likaning'inia.

Mimi siwezi kuona nguo iliyofumuka nikapita. Nikiona ni ya adui, nitaitengeneza kwanza, kisha nitaendelea na uadui wangu. Nikachomoa sindano kwenye fulari, nikapiga magoti juu ya marumaru.

"Simama hapo, mama. Ukitembea utapasula yote."

"Acha tu, yaya," akasema, kama anayemwita dada yake mkubwa. "Iko kidogo."

"Kidogo namna gani? Leta muguu."

Mlinzi akaja akisema kitu kwa lugha yake, labda kwamba ngazi ya mfalme si mahali pa kushonea. Nilimwonyesha sindano, akarudi nyuma. Nikageuza pindo ndani ili nione ulikofikia mfumuko, nikaanza kufuata mshono wa zamani kwa kidole.

Tisa. Mmoja mrefu. Tisa. Mmoja mrefu.

Nilihesabu tena. Nikahesabu mzunguko wote, nikimgeuza yule mwanamke taratibu kama mtoto anayepimwa nguo ya Noeli. Hakuna mkono mwingine duniani unaokosea hivyo. Ilikuwa mashini yangu, imeshona, na hakuna aliyefunika makosa yake. Damu ilinipanda. Nasema kweli, nilitamani nishike ncha ya uzi ule niuvute mpaka sketi yote imwanguke miguuni, mbele ya wafalme wote waliochorwa ukutani.

"Hii nguo, nani alishona?"

"Ni miye."

"Na mashini gani?"

"Mashini tu. Juu ya nini unauliza?"

"Juu inaruka. Mushono ya kumi inakuwa murefu. Hesabu weye mwenyewe."

Hakuhesabu. Aliniangalia, na nikaona uso wake unabadilika.

"Ile mashini iko ya weye?"

"Iko yangu. Niliizika nyuma ya jiko, mu nyumba ya mulango ya bulu."

Akashika ukingo wa ngazi. "Basi ni kweli, kule hakukukuwa mutoto," akasema. "Hata moja."

Sikumwelewa. Nilimalizia pindo kwa hasira, mishono midogo, mizuri, kwa kuwa hasira yangu haijawahi kuharibu kazi, nikakata uzi kwa meno. Wenzetu walikuwa wameshuka kwenda dukani kununua vikombe vyenye picha ya kitanda. Nikamwambia, "Toka nje. Utanieleza."

Nje palikuwa na bustani ambayo miti yake ilikuwa imekatwa ikawa pembe nne, na benchi ya mawe. Mbele ya benchi palikuwa na mawe madogo meupe yaliyopangwa, kila moja na maandishi ya dhahabu. Mkalimani alikuwa ametuambia tulipoingia: ni makaburi ya mbwa wa malkia. Kila mbwa na jina lake. Tukakaa hapo.

Alinieleza bila kuniangalia. Nyumba yao ilichomwa, upande wa Mudzi-Pela. Walikimbia wakaingia Nyakasanza wakati sisi tumeshatoka, wakaona nyumba yenye mlango wa bulu ikiwa wazi, wakaingia. Wiki ya tatu mtoto wake wa kike akashikwa na surua. Alikuwa na miaka miwili. Alikufa asubuhi, na makaburi ya mji yalikuwa ng'ambo ya barabara, ambako wao hawakuweza kukanyaga, kama sisi tusivyoweza kukanyaga kwao. Ikabidi amzike uani.

"Niliona musalaba kidogo nyuma ya jiko," akasema. "Nikazania mwenye nyumba alizika mutoto wake pale. Nikasema nitaweka wangu pembeni, asilale yeye moja."

Alichimba mwenyewe kwa jembe, mtoto akiwa kwenye mkeka kando. Alichimba karibu mno. Udongo ukabomoka, akaona pembe ya blanketi.

"Nilipiga magoti. Niliomba musamaha. Nikasema, mama ya huyu mutoto, sikujua, nisamehe. Nikataka kumufunika. Nikagusa, nikasikia iko chuma." Akashika pindo nililomshonea. "Yaya, nilicheka. Mutoto yangu iko mu mukeka, miye niko nacheka. Sijasamehewa bado ile kucheka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi. Nilikuwa na maneno yote tayari, makali, nimeyanoa kwa miezi mingi chini ya turubai, na sasa hayakuwa na mtu wa kumwangukia. Niliona aibu, na aibu ikanikasirisha zaidi. Nikatazama mawe ya mbwa. Nikasema, "Hawa wajinga," bila kujua nasema nani.

"Mashini iko," akasema. "Niliifuta mafuta. Nilijifundisha miye mwenyewe, nashonea watu, tunakula. Lakini ni yako. Kuya uikamate."

"Nitakuya namna gani? Watanikata."

"Kuya siku ya Yenga, saa ya misa. Nitakungojea ku barabara."

Mama Prezida alikuja kutuita. Alitukuta tumekaa pamoja, akafurahi sana, akamwita mkalimani na kamera. Picha hiyo ipo. Nimeambiwa waliichapa katika kitabu chao, na chini yake wakaandika kwamba semineri ilituunganisha. Semineri! Kilichotuunganisha ni pindo lililofumuka.

Tulirudi Bunia, na Jumapili ya pili, saa ya misa, nikavuka. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kukimbia. Alikuwa amesimama kando ya barabara kama alivyosema, na beseni. Akanishika mkono, akaupitisha ndani ya wake, tukatembea kama ndugu waliotoka sokoni. Vijana wawili waliokuwa wamekaa kwenye ukuta na silaha zao walitutazama. "Ni yaya wangu, ametoka Mahagi," akawaambia, wala hakupunguza mwendo.

Nyumba yangu ilikuwa na paa. Alikuwa amefagia. Mashini ilikuwa juu ya meza yangu, inang'aa kuliko nilivyoiacha, na kando yake amepanga bobini zote. Aliiweka katika beseni, akaifunika kwa sombe hadi juu, majani mabichi ya muhogo ambayo hakuna askari anayeyapekua.

Kisha nikaenda nyuma ya jiko. Palikuwa na matuta mawili na misalaba miwili. Langu lilikuwa tupu sasa, na bado alikuwa ameliinua upya, na vijiti vilikuwa vipya. Nikanyoosha mkono kuung'oa msalaba wangu. Nilitaka kumaliza upuuzi wangu mwenyewe.

"Acha, yaya," akasema. "Ninajua hakuko mutu. Acha tu. Mutoto yangu hajui."

Nikauacha.

Vita vilipotulia alihama na watu wake kurudi Mudzi-Pela, akaniachia ufunguo kwa jirani. Mifupa ya mtoto hakuihamisha; aliniomba nimtunzie. Kwa hiyo uani kwangu Nyakasanza kuna makaburi mawili, na moja halina mtu. Vijiti vyake vikioza, nakata vingine. Wajukuu wangu wakicheza mpira karibu nalo, natoka na mwiko na kuwafukuza.